Kijana mwenye kisukari asifungiwe nyumbani msimu wa sherehe

Kila mwaka mwezi wa Oktoba unapoelekea ukingoni, vijana wa Nyali, Bamburi na Mtwapa huanza kuulizana wataenda wapi usiku wa tarehe 31. Kumbi za starehe hutangaza tafrija za Halloween, vinyago vya kutisha hutundikwa madukani na peremende hugawanywa kama njugu. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Novemba, huadhimishwa Siku ya Kisukari Duniani. Shule nazo huwa zinafungwa au zimekwisha kufungwa kwa likizo ndefu, na vikundi vya vijana hupanga matembezi na karamu za kufunga mwaka.

Huu ndio msimu ambao wazazi wa vijana wanaougua kisukari huingia kliniki wakiwa na swali moja: “Daktari, nimruhusu aende au nimkataze?”

Jibu langu ni kwamba umruhusu, lakini kwanza umtayarishe. Wiki hii ningependa tuzungumze juu ya matayarisho hayo, kwa sababu mzazi akiyakosea kwa woga hudhuru sawa na yule anayeyakosea kwa uzembe.

KISUKARI CHA VIJANA

Kisukari tunachokizungumzia hapa si kile cha watu wazima ambacho aghalabu huandamana na unene na umri. Ni kisukari cha aina ya kwanza. Katika maradhi haya, kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini vya magonjwa, hugeuka na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ndiyo ufunguo unaofungua mlango wa seli ili sukari iliyomo katika damu iingie na kutumika kama nishati. Bila ya insulini sukari hurundikana katika damu huku mwili ukifa njaa.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hata usiku, kukonda upesi ingawa mtoto anakula vizuri, na uchovu. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi iliyopita akianza tena ghafla, usimchape wala usimcheke. Mpeleke akapimwe sukari siku hiyo hiyo.

Ningependa ieleweke wazi kwamba aina hii ya kisukari haisababishwi na kula peremende, haiambukizi, na wala si laana wala jini. Pia hakuna dawa ya mitishamba inayoweza kuchukua mahali pa insulini. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, wakati maelfu ya watu kutoka Kenya na nchi jirani walipofunga safari hadi Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao baada ya kunywa kikombe hicho. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuacha insulini hata kwa siku moja bila ya kuhatarisha maisha yake.

UCHUNGU WA KUTENGWA

Jaribu kumfikiria msichana wa miaka 15 anayejidunga sindano asubuhi na jioni. Kila harusi mama humkumbusha mbele ya wageni kwamba halwa si yake. Shule ikienda matembezi, mwalimu huona ni heri abaki. Siku ya kuzaliwa ya rafiki yake huambiwa akae nyumbani “asije akaponzwa na keki.” Baada ya mwaka mmoja au miwili ya maisha kama hayo, msichana huyu atafanya mojawapo ya mambo mawili. Ama atajikunyata na kukata tamaa, ama ataanza kuficha ugonjwa wake.

Jambo hili la pili ndilo linalotutia sisi madaktari wasiwasi zaidi. Kijana anayeficha ugonjwa huenda kwenye tafrija bila kumwambia mtu. Hali wakati wa kula kwa kuona haya kwenda kujidunga chooni, au hula kila kitu na kuiruka sindano. Sukari ikipanda mno na insulini ikakosekana, mwili huanza kuyeyusha mafuta na kutoa asidi ziitwazo ketoni. Kijana hupata kichefuchefu, hutapika, tumbo humuuma, huhema kwa kasi na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Watu wa nyumbani hudhani ni malaria au chakula kibovu. Wakichelewa, kijana hupoteza fahamu na anaweza kufa.

Kwa hivyo, msomaji, kumnyima kijana sherehe hakumpi usalama. Mara nyingi humfundisha kusherehekea kwa siri, na siri ndiyo inayoua.

VIKUNDI VYA KUSAIDIANA

Dawa ya upweke huu imejulikana kwa muda mrefu. Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa, mnamo Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu hawakuishi muda mrefu. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1925, Dkt Leonard Wendt alianzisha kambi ya watoto wenye kisukari katika jimbo la Michigan, Marekani. Nchini Uingereza, mwaka 1934, daktari Robin Lawrence na mwandishi mashuhuri H.G. Wells, ambao wote wawili walikuwa na kisukari, waliunda chama cha wagonjwa ili wasaidiane.

Waanzilishi hao walitambua jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kulea kijana analijua. Kijana humsikiliza daktari kwa dakika kumi, lakini humsikiliza kijana mwenzake siku nzima. Katika kikundi, mvulana wa Kisauni aliyeishi na sindano kwa miaka minane humwonyesha mwenzake wa Kongowea aliyeanza juzi namna ya kubadilisha mahali pa kudunga. Wote hupima sukari pamoja kabla ya kula, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Kwa mara ya kwanza kijana huona kwamba hayuko peke yake.

Matembezi na tafrija, basi, si pambo la kikundi bali ni darasa. Huwezi kumfundisha mtu kuogelea ukiwa umekaa kwenye kiti, na vivyo hivyo huwezi kumfundisha kijana kuishi na kisukari katikati ya vyakula vya karamu kwa kumpa karatasi ya maagizo tu.

JE, LAZIMA IWE HALLOWEEN?

Sherehe hii ina asili yake huko Ireland na nchi jirani, ambako watu wa kale waliadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Baadaye iliungana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya Wakristo, ambayo ni tarehe 1 Novemba. Wahamiaji wa Ireland waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na kutoka huko imeenea kupitia filamu na simu za mkononi hadi kufika hapa kwetu.

Hapa Pwani wazazi wengi, Waislamu kwa Wakristo, hawaitaki. Wanaona ni kucheza na mashetani. Vijana kwa upande wao wanasema ni mchezo tu wa kuvaa nguo za ajabu na kupiga picha. Mimi ni daktari, si shehe wala kasisi, na sina fatwa ya kutoa. Nitasema tu lile linalohusu afya ya kikundi.

Kikundi cha kusaidiana huundwa ili asiachwe mtu nje. Ikiwa miongoni mwa vijana 20 kuna wanne ambao wazazi wao hawatawaruhusu kuhudhuria tafrija ya Halloween, basi tafrija hiyo imewatenga vijana wanne ambao tayari wametengwa vya kutosha. Ni afadhali kutafuta siku itakayowakusanya wote. Tarehe 14 Novemba inafaa sana. Ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini. Maadhimisho yake yalianza mwaka 1991, na mnamo Desemba 2006 Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi. Alama yake ni duara la buluu. Vijana wanaotamani kujipamba wanaweza kuvaa buluu, kujipaka rangi usoni na kuigiza michezo yao bila kumkwaza mzazi yeyote.

Hata hivyo, kuna vijana watakaokwenda kwenye Halloween, kwa ruhusa au bila ruhusa. Maagizo yanayofuata ni yao pia. Na usidhani yanahusu Halloween pekee. Yanatumika wakati wa Idi watoto wanapomiminika Makadara, wakati wa Krismasi, na katika kila arusi itakayoletewa sinia la pilau.

HATARI NYUMA YA KINYAGO

Kati ya hatari zote za tafrija, ile inayokuja kwa kasi zaidi ni sukari kushuka. Watu wengi hushangaa kusikia haya kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba mwenye kisukari hudhurika kwa sukari kuzidi tu. Kijana aliyejidunga insulini kisha akacheza dansi saa tatu bila kula anaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, na hapo ubongo huanza kukosa chakula.

Dalili ni kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kizunguzungu. Ikizidi kushuka, kijana hukasirika bila sababu, husema maneno yasiyoeleweka, hupepesuka, na mwishowe huanguka na kupata kifafa au kuzirai.

Sasa fikiri jambo hilo likitokea katika ukumbi wenye giza, muziki ukivuma, na kila mtu amevaa kinyago. Jasho halionekani. Rangi ya uso iliyobadilika imefichwa na vipodozi. Anayepepesuka hudhaniwa anaigiza maiti aliyefufuka, na wenzake humpigia makofi. Anayeropoka hudhaniwa amelewa. Na akianguka na kutupa miguu, hapa kwetu hakosi mtu wa kusema amepandwa na pepo, na kuanza kumtafutia ubani au maombi badala ya sukari.

Kwa hiyo ninashauri mambo matatu. Kwanza, kijana asivae kinyago kinachofunika uso mzima. Kofia, kilemba, rangi mashavuni au vazi la ajabu vinatosha. Pili, awe na mwenzake mmoja asiyeachana naye, ambaye anajua kwamba ana kisukari na anajua la kufanya. Tatu, avae bangili au kidani kilichoandikwa kwamba ana kisukari na anatumia insulini, au abebe kadi mfukoni yenye maneno hayo na nambari ya simu ya nyumbani.

HUDUMA YA KWANZA

Ikiwa kijana ana dalili hizo lakini bado yuko macho na anaweza kumeza, mpe sukari ya haraka ya kiasi cha gramu 15. Hiyo ni sawa na vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya mililita 300. Isiwe soda isiyo na sukari, kwani haitamsaidia. Chokoleti na keki hazifai kwa kazi hii kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Ngoja dakika 15, kisha mpime tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Akishapanda, mpe kitu cha kumshikilia kama vile mkate, ndizi au muhogo. Ikiwa hakuna kipimo, usipoteze wakati kukitafuta. Mpe sukari kwanza. Sukari kidogo ya ziada haitamwua, lakini kuchelewa kunaweza kumwua.

Kama amezirai au ana kifafa, usimtie chochote kinywani, si maji, si soda, si kijiko. Mlaze ubavu ili asipaliwe, usimdunge insulini, na umkimbize hospitali iliyo karibu. Waambie wahudumu mara moja kwamba ana kisukari.

MABUYU, KAIMATI NA VIAZI KARAI

Tuje kwenye chakula. Kijana mwenye kisukari si lazima ale kando kama mgeni. Anaweza kula katika meza moja na wenziwe mradi ajue anakula nini, kiasi gani na wakati gani.

Peremende, mabuyu yaliyopakwa sukari na rangi, kashata, kaimati zilizozamishwa katika shira, na halwa, vyote hupandisha sukari kwa kasi. Havifai kutafunwa saa baada ya saa. Akipenda kuonja, aonje kidogo baada ya chakula na si kabla, na ahesabu kipande hicho kuwa sehemu ya mlo wake. Kipande cha keki kiwe badala ya hamri, si juu yake.

Vinywaji ndivyo vinavyowaponza wengi. Watu hudhani kwamba juisi ya miwa ni salama kwa kuwa ni kitu cha shambani, ilhali glasi kubwa ya juisi hiyo inaweza kuwa na sukari kupita chupa ya soda. Juisi ya ukwaju ina ubora wake, lakini tazama mkono wa anayeitia sukari. Dafu lina sukari kiasi, kwa hivyo moja linatosha na lisifanywe maji ya kunywa mchana kutwa. Kinywaji bora cha karamu ni maji baridi yaliyotiwa ndimu.

Viazi karai, bhajia na chipsi vina ujanja wa aina nyingine. Mafuta huchelewesha wanga, hivyo kijana akijipima saa moja baadaye huona sukari yake ni nzuri na kufurahi, kumbe itapanda usiku wa manane. Asiache kupima tena kabla ya kulala. Mishkaki, samaki wa kupaka, maharagwe, kachumbari na mboga ni marafiki zake. Kikundi kinachopika chenyewe hupunguza gharama na pia huwafundisha vijana kupima chakula kwa macho na mikono yao.

Jambo la mwisho kuhusu chakula ni saa. Vijana wengi hutumia insulini mchanganyiko, asubuhi na jioni. Aina hii humtaka mtu ale kwa wakati wake. Kama karamu imepangwa saa saba mchana na chakula kikaja saa kumi kwa sababu mpishi amechelewa, wanaotumia insulini hiyo watakuwa wameanza kushuka. Mwandalizi mwenye busara hugawa ndizi au mkate kabla hajaanza kuomba radhi.

POMBE NA MUGUKA

Ni lazima tuseme wazi, kwa sababu kunyamaza hakusaidii. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe, na kwa mwenye kisukari kuna sababu nyingine ya kuiepuka. Ini ndilo ghala la sukari ya akiba. Sukari ikishuka, ini huifungua akiba hiyo. Pombe hulizuia ini kufanya kazi hiyo, na sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya kunywa, hata asubuhi ya pili, wakati kila mtu anadhani kijana amelala usingizi wa uchovu.

Muguka nayo, ambayo mnamo Mei 2024 ilizusha mvutano mkubwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipoipiga marufuku na suala hilo likafikishwa mahakamani, huua hamu ya kula na kumkesesha mtu. Kijana aliyejidunga kisha akatafuna bila kula anajitafutia msiba. Na ile tabia ya kuitafuna pamoja na soda na peremende humpandisha na kumshusha sukari kama pembea.

MATEMBEZI: MSITUNI NA UFUONI

Upande huu wa bara ya kaskazini tumebarikiwa kwa mahali pa kutembea. Haller Park kule Bamburi inafaa sana kwa kikundi. Mahali hapo palikuwa machimbo matupu ya mawe ya saruji. Mnamo mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti juu ya mwamba huo, mivinje ikashika, jongoo wakasaidia kugeuza majani yake kuwa mbolea, na leo ni msitu wenye wanyama. Ni hapo ambapo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mzee aitwaye Mzee. Vijana hutembea kivulini, huona twiga kwa karibu, na hawachoki upesi.

Lakini kutembea ni mazoezi, na mazoezi huteremsha sukari. Kila mmoja apime kabla ya kuanza. Aliye chini ya 5 ale kitu kidogo kwanza, kama ndizi moja. Aliye juu ya 14 apimwe ketoni kama kuna vijiti vya kupimia mkojo, na zikionekana asikimbie wala kuogelea, bali atafutiwe matibabu. Katikati ya matembezi wapime tena. Siku ya michezo mingi, daktari anaweza kumshauri kijana kupunguza kiasi cha insulini. Hilo liulizwe kliniki wiki moja kabla, si langoni siku yenyewe. Na kwa kuwa athari ya mazoezi huendelea hadi usiku, kijana apime na ale kitu kabla ya kulala.

Ufuoni kuna mengine ya kuangalia. Sukari ikimshuka mtu akiwa majini anaweza kuzama bila hata kupiga kelele. Asiingie peke yake, apime kabla ya kuogelea, na atoke kila baada ya nusu saa. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, na muogelee mahali palipo na waokoaji. Viatu vivaliwe hata mchangani. Mchanga wa saa sita mchana huunguza, mawe ya matumbawe hukata, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si cha kupuuzwa. Jioni, kila mmoja akague nyayo zake.

INSULINI NA JOTO LA MOMBASA

Insulini isiyofunguliwa hukaa katika friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwa muda wa wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Lakini wakati wa kaskazi joto letu hupita hapo kwa urahisi, na ndani ya matatu iliyoegeshwa juani ni kama tanuri. Usiiache humo hata kwa dakika chache.

Ibebwe mkobani mwa mwenyewe, ndani ya chupa ya chai pana iliyopozwa kwa maji baridi, au imefungwa ndani ya taulo lenye unyevu. Isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Kwa wale wasio na friji nyumbani, mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga uliolowanishwa katikati, husaidia kuipoza. Wazee wetu walipoza maji hivyo hivyo. Insulini ambayo kwa kawaida ni angavu ikionekana na ukungu au mabonge, itupwe.

JUKUMU LA KIONGOZI

Yeyote anayeongoza vijana hawa, awe muuguzi, mwalimu au mzazi, aandae yafuatayo kabla matatu haijaondoka:

1. Orodha ya majina, aina ya insulini ya kila mmoja na nambari za simu za wazazi.

2. Barua ya idhini kutoka kwa kila mzazi.

3. Mkoba wenye kipimo cha sukari na vijiti vya akiba, sindano, glukosi au sukari, soda ndogo, mikate, maji na vifaa vya kufungia vidonda.

4. Mtu mzima mmoja angalau aliyefundishwa huduma ya kwanza, na jina la hospitali iliyo karibu na mahali pa matembezi.

5. Chupa ngumu ya plastiki ya kutupia sindano zilizotumika. Msiziache mchangani zikachoma watoto wa wenyewe.

6. Chakula cha njiani. Msongamano wa magari katika daraja la Nyali au foleni ya feri ya Likoni inaweza kugeuza safari ya nusu saa kuwa ya saa mbili.

Kuhusu gharama, vijiti vya kupimia ni ghali na wengi wetu tunalijua hilo. Kikundi kikichanga na kununua kwa pamoja hupunguziwa mzigo. Aidha, wazazi ambao hawajajiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, wafanye hivyo na waulize kliniki wanayohudhuria ni huduma zipi zinazolipiwa.

NENO KWA MZAZI NA KWA KIJANA

Mama, baba, najua hofu yenu. Yule aliyewahi kumbeba mtoto wake mikononi usiku akiwa amezirai hasahau. Lakini mtoto huyu atakuwa mtu mzima. Ataajiriwa, ataoa au ataolewa, atasafiri, na nyinyi hamtakuwa naye kila mahali kumhesabia vipande vya keki. Heri ajifunze sasa akiwa na kikundi, kukiwa na muuguzi karibu na wenzake pembeni, kuliko aje kujifunza peke yake baadaye. Msimkumbushe ugonjwa wake mbele za watu. Muulizeni faraghani, “Umepima? Umebeba sukari yako?” kisha mumwache aende.

Nawe mwanangu, ugonjwa huu si aibu. Mwambie rafiki mmoja kabla ya kwenda popote. Usiiruke sindano ili ufanane na wengine, na usijidunge mara mbili ili ule zaidi. Sukari ikikushuka katikati ya wimbo unaoupenda, toka, kaa chini, kunywa kitu kitamu, subiri, kisha rudi ucheze. Utakosa nyimbo tatu nne tu, na kesho utaamka.

Ikiwa katika mtaa wenu hakuna kikundi cha vijana wenye kisukari, muulize muuguzi wa kliniki ya kisukari katika hospitali unayotibiwa. Familia tatu zinatosha kuanzisha. Kutaneni Jumamosi moja, pimeni sukari pamoja, mle pamoja, na mpange matembezi ya kwanza.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.